Kuwapeleka wazazi Hotel del Coronado kwa usiku mbili

Swali, kutoka Phoenix

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine hamjambo.

Wazazi wangu wako kwangu kwa viza ya matembezi, na mwezi ujao wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Baba ni fundi seremala. Tangu nikiwa mdogo alikuwa na picha ya kalenda ya hoteli kubwa ya mbao yenye mapaa mekundu kando ya bahari, na nilipohamia huku ndipo nikaitambua: Hotel del Coronado, pale San Diego. Nataka niwalaze usiku mbili. Sijawahi kulala hoteli ya hadhi hiyo na bei zinanitia hofu. Aliyewahi kufika anielekeze: chumba gani, gharama zipi zinazojificha, na je, njiani kuna usumbufu wowote? Tunakwenda kwa gari.

Jibu, kutoka San Diego

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kuwaza jambo hili wazazi wakiwa hai.

Naanza na njia, maana kosa la njiani halirekebishiki ukishafika. Mtapita barabara ya I-8. Kabla ya kufika San Diego, maeneo ya Pine Valley, kuna kizuizi cha askari wa mpakani, nao huuliza uraia hata kama hamjavuka mpaka wowote. Pasipoti za wazazi zenye viza ziwe mkononi pamoja na nakala ya I-94, yaani rekodi ya mgeni kuingia nchini, ambayo unaichapisha mwenyewe kutoka tovuti ya serikali. Wasiziache nyumbani kwa kuogopa zitapotea. Sheria inamtaka mgeni mtu mzima atembee na karatasi zake, na hata mapokezi ya hoteli wataomba kitambulisho chenye picha.

Sasa chumba. Eneo lile limeongezewa majengo mapya mengi, na ukiweka nafasi haraka haraka unaweza kujikuta umelipia chumba kizuri cha kisasa ambacho hakina uhusiano wowote na kalenda ya baba yako. Hakikisha imeandikwa jengo la Victorian. Hilo ndilo lililoanza kujengwa Machi 1887 na kupokea wageni Februari 1888. Hebu fikiria, jengo la ukubwa ule, la mbao, chini ya mwaka mmoja! Mchoraji wa ramani yake alikuwa James Reid, na wengi wa waliolijenga walikuwa wahamiaji wa Kichina walioletwa kutoka San Francisco. Mimi nilipolijua hilo nililitazama jengo kwa jicho jingine kabisa. Watu waliotoka mbali kama sisi ndio walioinua zile nguzo.

Vyumba vya mle ndani havilingani. Vingine ni vidogo, vingine vinatazama bustani ya katikati au barabara badala ya bahari. Chumba cha kutazama bahari kina bei yake. Kwa baba yako mimi ningechukua cha kutazama bustani, nikaokoa pesa, kwa sababu mtu wa mbao atakuwa nje ya chumba muda wote. Ila kama mama ana shida ya magoti, piga simu mapema uombe chumba cha karibu na lifti. Korido za mle ni ndefu mno.

Kuhusu pesa, usiende na kadi ya benki ya kawaida. Hili lilinipata kwenye hoteli nyingine: walizuia dola mia kadhaa kwenye akaunti yangu kama dhamana, na zikakaa siku nane baada ya kuondoka. Kodi ya nyumba ikachelewa kwa sababu hiyo. Tumia kadi ya mkopo, hapo wanapunguza tu kiwango chako cha kukopa, pesa yako ya mfukoni haiguswi. Uliza kabisa wanazuia kiasi gani kwa usiku.

Ile ada ya huduma za hoteli inayotozwa kila siku ilikuwa ikiwashtua watu mwishoni. California ilipiga marufuku kuificha kuanzia Julai 2024, na sheria ya nchi nzima ikafuata Mei 2025, kwa hiyo bei ya kwanza unayoiona inapaswa kuwa nayo tayari. Kodi za serikali zinaweza kuongezwa baadaye, na maegesho ni juu yako. Maegesho peke yake yanaumiza.

Bahshishi ya mhudumu wa chumba iache kila asubuhi, dola tano hivi, usingoje siku ya mwisho, maana anayesafisha leo huenda kesho siye.

Nyongeza, kutoka Los Angeles

Dada, mimi nina mtazamo tofauti kidogo na mzee, kwa heshima zote. Usiku mmoja unatosha. Ufuko wa mbele ya hoteli ni wa umma, hakuna anayeweza kukufukuza, na sebule kuu na bustani watu huingia tu bila kulala pale. Laleni usiku wa kwanza ng'ambo ya ghuba, katikati ya San Diego, kwa bei nafuu, asubuhi mpande kivuko. Ni robo saa tu majini. Au basi namba 901, linapita juu ya daraja hadi karibu na hoteli. Lile daraja la 1969 linapinda na liko juu sana, kama meta 60 kutoka majini. Mama yangu alifumba macho mwanzo hadi mwisho, basi mwandaeni wenu.

Maji ni ya baridi, hata Agosti yanafika nyuzi 20 hivi. Mei na Juni ukungu hukaa mpaka mchana. Na someni vibao vya ufukweni kabla ya mtu kuingia majini: majitaka ya mto Tijuana hufika huko siku nyingine, na kaunti huufunga ufuko.

Jibu, kutoka San Diego

Huyu mwanangu wa Los Angeles amesema kweli kuhusu usiku mmoja, sikulifikiria hilo. Nenda Jumatatu hadi Alhamisi, bei hushuka sana kuliko wikiendi.

Jambo moja nilisahau. Kuna ukumbi unaitwa Crown Room. Dari yake ni ya msonobari, na husimuliwa kuwa iliunganishwa kwa vigingi na gundi bila misumari. Hufungwa kukiwa na sherehe, kwa hiyo waulize mapokezi siku mnayofika, uwaeleze kuwa baba ni seremala.

Kutoka Phoenix, wiki tano baadaye

Asanteni sana wote. Tumerudi juzi.

Pale Pine Valley askari aliangalia pasipoti, akauliza tunakwenda wapi, akatuachia. Tulilala usiku mmoja tu kule hotelini, Jumanne, chumba cha bustani. Kadi ya mkopo ilifanya kazi kama mlivyosema, na kile kiasi kilichozuiwa kimeachiliwa leo asubuhi, siku ya tatu.

Ukumbi ulikuwa umefungwa tulipofika. Nilieleza kama mzee alivyonifundisha, na kijana wa mapokezi akatupeleka mwenyewe kesho yake saa mbili asubuhi, kabla watu hawajaanza kupanga meza. Baba alisimama katikati, shingo nyuma, bila kusema neno. Kisha akamwambia mama amshikie kofia, akaenda ukutani akapitisha kidole kwenye maungio ya mbao, taratibu, moja baada ya jingine. Kijana yule alimwacha. Tulikaa mle karibu nusu saa.

Usiku huu yuko sebuleni kwangu na penseli, anachora.