Tuliuziwa mfumo wa Access bila kuambiwa mipaka yake

Ndugu zangu, ninaandika haya nikiwa na hasira, ila nimeyapima kwanza. Ofisi yetu hapa Mombasa hushughulikia utoaji wa mizigo katika bandari ya Kilindini, na miaka mitatu iliyopita tuliletewa fundi aliyetutengenezea mfumo wa kusajili kontena kwa Microsoft Access, programu ya kutunza data kwenye majedwali (hifadhidata). Siku ya maonyesho alifungua fomu, akabofya kitufe, ripoti ikatoka safi kwenye printa, na mkurugenzi akatia saini mchana uleule. Hatukuuliza chombo hiki kinashindwa wapi, naye aliyejua akanyamaza.

Kinachoniuma ni kwamba mipaka hiyo si siri. Microsoft yenyewe imeiandika waziwazi: faili moja ya Access haiwezi kuzidi gigabaiti 2. Sisi tulikuwa tukiweka picha za hati za shehena ndani ya faili ileile, wala hatukuambiwa kwamba zingefaa kukaa kwenye folda pembeni, hifadhidata ikabaki na anwani zake tu. Faili ilipofura tukafuta rekodi za zamani, isipungue hata kidogo, kwa kuwa Access haiachilii nafasi iliyofutwa mpaka faili ibanwe upya. Hayo tuliyajua mfumo ulipogoma kupokea kontena mpya, meli ikiwa imeshafika gatini.

Msiba mkubwa zaidi ulikuwa bado. Faili ya Access haina seva ya kuilinda. Kila kompyuta huifungua kupitia mtandao wa ofisi na kuiandika moja kwa moja, hivyo muunganisho ukikatika katikati ya kuandika, faili yaweza kuharibika. Alasiri moja ya masika umeme ulipotea watu wanne wakiwa ndani ya mfumo, na asubuhi yake faili ikakataa kufunguka. Mwenzangu alikaa siku sita na madaftari ya kaboni, akichapa upya nambari za kontena, herufi nne na tarakimu saba kila moja, kidole kikifuata mstari ili asiruke. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zile zilizotangulia, na fomu tuliyouziwa haikuwa ikiikagua.

Fundi alijibu kwamba hayo ni mambo ya umeme. Siyakubali hata kidogo. Anaishi mji huu na anajua umeme wake. PostgreSQL, hifadhidata nyingine inayoendeshwa na seva, haina ada ya leseni, na huandika kila badiliko kwenye faili ya kumbukumbu iliyo diskini kabla ya kuligusa jedwali, kwa hiyo umeme ukirudi hujirekebisha yenyewe. Nayo ina taabu zake: yahitaji mtu wa kuilea na kuisasisha, na haiji na fomu wala ripoti za kubofya. Hayo pia tulistahili kuambiwa, tukachagua tukijua. Kwa duka la mtu mmoja, Access sina neno nayo.

Sasa mkurugenzi anataka maonyesho ya mfumo mwingine. Nimekataa kuketi mpaka tupewe kwa maandishi ukomo wa ukubwa, idadi ya watumiaji wa wakati mmoja, na namna ya kuzitoa data zetu iwapo fundi atatoweka. Zaidi ya hayo, nimetaka waya wa umeme uchomolewe mbele yetu watu wanne wakiwa wanaandika, kisha tuhesabu rekodi zilizobaki. Kama yupo anayeona ninadai kupita kiasi, anieleze sababu.