Mshahara 450,000, makato ya mkopo 67,500: hii digrii ya ualimu tuliuziwa ya nini?

Wakuu, habari za majukumu. Huu uzi nauandika nikiwa na hasira. Anayetaka maneno ya kubembelezwa, kuna nyuzi nyingine za kutosha humu.

Tuanze na namba. Mimi ni mwalimu wa sekondari binafsi hapa Dar, nina digrii ya ualimu, masomo yangu Kiswahili na Historia. Mshahara wa msingi 450,000. NSSF 10% inaondoka na 45,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, 10,800. Bodi ya Mikopo 15%, yaani 67,500. Kinachobaki ni 326,700. Hapo hujalipa chumba Mbagala, hujapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, hujala, na mama kijijini hajapiga simu.

Angalieni tena hayo makato mawili ya mwisho. TRA, watoza kodi hao hao tunaowasema kila siku, wanachukua 10,800 kwa sababu sheria yao inasema 270,000 za kwanza haziguswi. Mtu wa kipato kidogo anaachiwa apumue. Kwenye mkopo huruma hiyo haipo, 15% inapigwa kuanzia shilingi ya kwanza ya mshahara wa msingi. Deni la chuo linanikata zaidi ya mara sita ya kodi ya serikali. Hivi walioipitisha hii walimfikiria mtu wa laki nne kweli?

Na msiniletee ile ya "si ulisaini mwenyewe". Nilichosaini nakijua. Nimeingia chuo 2015, makato yakiwa 8%. Sheria ikabadilishwa 2016 ikawa 15%, na sisi tuliosaini zamani tukabebwa humo humo. Juu yake kulikuwa na ile tozo ya 6% kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo, deni likawa linanenepa huku mimi nazunguka na bahasha za maombi ya kazi mashuleni. Tozo hiyo ilifutwa 2021 pamoja na faini ya 10% kwa wachelewaji kulipa. Kwa hilo nashukuru, sina unafiki. Ila 15% ipo pale pale.

Sasa ninachokipigia kelele hasa ni hiki. Deni langu ni kama milioni tisa. Kwa 67,500 kwa mwezi nitalipa miaka kumi na moja na ushee, tena kama sitaachishwa kazi hapo katikati. Chukua mtu mwenye deni hilo hilo ila mshahara wake ni 2,500,000. Yeye anakatwa 375,000, miaka miwili kamaliza, na kila mwezi alikuwa anabaki na zaidi ya milioni baada ya makato yote. Asilimia ni ile ile, wanatuambia ndiyo usawa. Usawa gani huo? Mmoja anakatwa kwenye ziada, mwingine anakatwa kwenye unga. Na ile tozo ya 6% ilipokuwepo, aliyeumia zaidi ni nani? Ni yule anayelipa polepole, yaani mwenye mshahara mdogo.

Halafu turudi kwenye bidhaa yenyewe. Chuo nilichosoma ni cha binafsi, sikitaji. Mkopo ulifunika sehemu ya ada, iliyobaki mama aliingia vikoba viwili akawa anakopa huku analipa kule. Ukishalipa ada unadhani umemaliza? Kulikuwa na ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) 20,000, bima ya afya 50,400, kitambulisho, umoja wa wanafunzi, hela ya mitihani. Usipokamilisha hupati namba ya mtihani, na kwenye foleni ya uhasibu utakuta wenzio wanalia kabisa. Ndani ya darasa tulikuwa mia kadhaa, mhadhiri anaongea kwa spika, nyuma husikii kitu. Tulichosomea ni madesa, yaani notisi za stationeri yaliyotolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimefifia. Bumu lenyewe, hela ya kujikimu ya mkopo, enzi zetu 8,500 kwa siku, na humo humo wengine tunatuma nyumbani. Ndiyo mkopo ninaoulipa leo, sehemu kubwa nililia ugali maharage.

Kwa nini tulijaa ualimu? Kwa sababu tuliambiwa ualimu ajira nje nje. Na wakati huo haikuwa uongo. Kaka zetu walikuwa wakihitimu wanasubiri majina ya waliopangiwa shule na TAMISEMI, jina likitoka unabeba godoro unaenda kuripoti. Sisi tukaingia chuo na matumaini hayo, tukatoka 2018 tukakuta bomba limekaukia. Vyuo vyenyewe vikaendelea kudahili watu wa masomo ya sanaa, maana ada inaingia. Kuanzia Januari 2025 mwalimu anaitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira: kwanza mchujo wa kuandika, ukipita unaenda wa mahojiano. Nimeufanya, sijapata. Ndipo mwaka huo huo mkasikia walimu wasio na ajira wameunda umoja wao, NETO, wakitaka usaili ufutwe na waliohitimu zamani waanze kupewa nafasi. Mkawacheka humu. Nilizisoma comment zenu.

Na ukomo wa kuomba kazi serikalini ni miaka 45. Saa inakwenda.

Huku binafsi nako sokoni kabisa. Ofisi ya walimu nimekaa meza moja na dada mwenye diploma. Anafundisha kidato cha pili mikondo ile ile ninayofundisha mimi, anasahihisha daftari kama zangu, na mshahara wetu ni sawa kwa shilingi. Simuonei wivu, ni mwalimu mzuri kuliko wengi wenye masta. Ninachouliza ni kwamba miaka yangu mitatu ya chuo kikuu imenunua nini pale ambacho yeye hana? Deni, basi. Yeye hakatwi, kwa hiyo mwisho wa mwezi ananizidi. Nilipomfuata mkurugenzi kuomba aniongeze, hata hakunyanyua macho kwenye simu: "Mwalimu, getini kuna bahasha ngapi asubuhi hii? Muulize mlinzi." Nikamuuliza kweli. Zilikuwepo.

Najua wanaokuja kujibu. Kuna wa "kanunue bodaboda". Sawa mkuu, pikipiki mpya wakati namaliza chuo haikufika milioni tatu, nina deni la pikipiki tatu, una jingine? Kuna wa "ungeenda VETA", chuo cha ufundi stadi. Nilipokuwa na miaka ishirini nani aliniambia hivyo, wewe? Mtaani kwetu aliyeenda VETA alionekana kafeli. Na kuna wa "ualimu ni wito". Huyo namwomba anipe namba ya mwenye nyumba wake, na mimi nikamweleze habari za wito tarehe ya kodi ikifika.

Sisemi watu wasisome. Sisemi mkopo usilipwe, kuna wadogo zetu wanausubiri. Nasema wekeni kiwango ambacho chini yake hukatwi, na ukivuka ukatwe kwenye kinachozidi tu. Waingereza wanafanya hivyo, kuna kiwango cha mshahara, na wahitimu wa shahada ya kwanza wanakatwa 9% ya kile kilichozidi. Hata tukichukua hiyo 270,000 ya TRA na 15% yetu hii hii, mimi ningekatwa 27,000. Ningelipa muda mrefu zaidi, najua, lakini ningelipa nikiwa nimekula. Na chuo kinachodahili kozi ya ualimu kilazimishwe kumwambia kijana na mzazi wake kabla ya kupokea shilingi: waliotoka hapa wako wapi na wanalipwa ngapi. Nguo za mtumba tu soko la Karume unaruhusiwa kuzikagua kabla hujalipa.

Sasa naomba msaada kwa wanaojua, hili ndilo jipu lenyewe. Shule niliyokuwepo kabla ya hii ilikuwa inanikata hiyo 15% na kwenye salari slipu inaonekana. Nimeingia kwenye akaunti yangu ya mkopo kuangalia salio, kuna miezi haipo kabisa. Hela ilikatwa, haikufika. Slipu zote ninazo. Nianzie CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, au niende kwanza ofisi za Bodi na slipu zangu wamdai mwajiri huyo badala yangu? Aliyewahi kupitia hili aandike hapa hapa, sio inbox, maana najua siko peke yangu. Wa wito piteni kimya.