Diski nyepesi za breki: wauzaji wa Mombasa, mtaua mtu

Sina salamu ndefu leo, mniwie radhi. Nina hasira tangu Jumapili na hazijapoa.

Jumapili asubuhi nilikuwa nashuka kutoka Kwale kuja Kombani na baiskeli yangu ya mbio. Wanaoijua barabara ile wanajua ule mteremko wa Shimba Hills, hukanyagi pedeli, kazi yote ni ya breki. Kona ya tatu nikasikia mlio, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Kona iliyofuata leva ya mbele ikaja mpaka karibu na usukani. Nikaiachia, nikaifinya tena, ikaja vile vile. Mbele yangu matatu imesimama. Kushoto mama anashuka na mtoto, kulia lori linapanda. Nilisimama kwa breki ya nyuma na soli ya kiatu, tairi la mbele likaja kugusa bampa.

Nilipoinama kuangalia, diski ya mbele, lile bamba la duara la chuma kwenye gurudumu, ilikuwa na duara la zambarau na buluu mahali pedi, vile vipande vinavyolibana, zinaposugua. Nikaidondoshea tone la maji ya chupa. Tone liliruka na kupotea hata halijatambaa. Nikazungusha gurudumu taratibu: diski inacheza kushoto kulia kama kanda ya kaseti iliyoachwa juani.

Diski hiyo ina wiki tatu. Wiki tatu! Niliinunua mpya, jozi, kwenye duka moja hapa mjini ambalo silitaji kwa sababu bado nataka pesa yangu. Kijana wa duka aliniwekea mizani ya jikoni mezani. Diski zangu za zamani, ya mbele ya kipenyo cha milimita 160 gramu 132, ya nyuma ya 140 gramu 112. Zake, gramu 88 na 73. "Ndugu, unaondoa gramu 83 hapo hapo, hutatokwa hata na jasho." Nikamuuliza kama zinahimili uzito wangu, mimi nina kilo 88. Akacheka, akasema mabingwa wa Ulaya wanatumia diski nyepesi. Nikalipa kwa simu nikaondoka nimefurahi. Hakuna alichosema kuhusu unene. Hakuna alichosema kuhusu pedi wala joto.

Jumatatu nikazipeleka kwa mzee mmoja fundi wa kukereza vyuma Changamwe. Sikumweleza kitu, nilimwomba tu anipimie unene kwa maikromita, chombo cha kupimia vitu vyembamba. Akapima kwanza kwenye mikono ya diski, kule katikati ambako pedi haifiki maisha yake yote, maana diski hii imekatwa kwa bamba moja la chuma. Milimita 1.61. Akapima kwenye njia ya breki, ule ukanda wa ukingoni unaosuguliwa na pedi. Milimita 1.54. Halafu akavaa miwani, akageuza diski kwenye mwanga, akasoma maandishi madogo yaliyochongwa ukingoni: unene wa mwisho, milimita 1.5. Akaniangalia. "Mwanangu, hii umeinunua ikiwa kuukuu?"

Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Diski za kawaida za barabarani huwa milimita 1.8 zikiwa mpya, na Shimano, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, kwa mfano, wanasema wazi ikifika 1.5 itupwe. Maana yake una milimita 0.3 za kutumia. Mimi niliuziwa 0.11, karibu theluthi moja tu ya maisha ya diski, kwa bei ya juu kuliko diski nzima, na wiki tatu zimeshakula zaidi ya nusu yake. Wepesi wenyewe ndio huo. Si ufundi wala madini maalumu, ni diski ambayo kiwanda kimeipunguza unene kisha kikaitoboa matundu mpaka imekuwa kama kifumbu.

Tuongee joto, kwa sababu duka limeniambia nilishika breki sana. Mimi na baiskeli na maji ni kama kilo 97. Kutoka kilomita 50 kwa saa mpaka kusimama, breki zinalazimika kumeza nguvu ya kama jouli 9,400, na nguvu hiyo haipotei, inageuka joto. Chukua theluthi mbili ziende mbele. Chuma cha diski kinahitaji kama jouli 500 kwa kilo kupanda digrii moja. Diski yangu ya gramu 132 itapanda kama digrii 95 kwa breki moja ya namna hiyo. Ya gramu 88, zaidi ya digrii 140. Breki ile ile, mtu yule yule. Na hapo tumehesabu gramu zote, wakati mikono ya katikati haipokei joto kwa kasi ya ukingo, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi. Sasa weka kona tano mfululizo bila nafasi ya kupoa. Chuma chembamba kikichomwa hivyo kinapinda. Kikipinda kinazisukuma pedi, na pistoni zinazozibana, nyuma kila kinapozunguka, ndiyo maana leva ilikuja mpaka mkononi. Mzee alinieleza hilo kwa kidole na kipande cha bati, nikaelewa kuliko maelezo yote ya dukani.

Na bado kuna pedi. Njia ya breki ya diski hii ni nyembamba kuliko pedi zangu. Nilipozitoa nikakuta kila pedi ina kidaraja cha chini ambacho hakijaguswa, kimebaki kirefu wakati sehemu nyingine imeliwa. Ningeendelea miezi miwili, vidaraja viwili vile vingekutana chini ya diski, pedi zingesukumana zenyewe na breki ingebana hewa. Kosa la namna hiyo huligundui ukiwa umesimama gereji. Unaligundua ukiwa njiani na roho mkononi.

Niliporudi dukani (Jumatatu hiyo hiyo, jioni) mwenye duka aliniambia maneno matatu: mimi mzito, mteremko ule si wa diski hizi, na mali ikishatumika hairudi. Nikamuuliza, je, mliniambia hayo siku ya kuniuzia? Kimya. Nikamwonyesha vipimo. Akasema maikromita ya mzee ni mbovu. Yule mzee anakereza vyuma vya watu tangu sijazaliwa, na wewe mwenye mizani ya kupimia unga unasema chombo chake kibovu!

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nayo, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia akipata hasara kwa ubovu wa bidhaa. Sheria ya kumlinda mteja ipo tangu 2012. Sioni mahali palipoandikwa "isipokuwa mteja akiwa mzito".

Nisiwaache pia wenzangu tunaopanda pamoja. Ni sisi tuliolea ugonjwa huu. Kila Jumamosi tukisimama Mtwapa kunywa madafu, maneno ni gramu, gramu, gramu. Mbio za kulipwa zimeruhusu breki za diski moja kwa moja tangu Julai 2018, na baiskeli zao haziruhusiwi kushuka chini ya kilo 6.8. Wale wana mekanika na diski mpya wakati wowote wakizitaka. Sisi tunakwenda Kilifi na kurudi, barabara tambarare, upepo wa kusi unatupiga usoni, na tumebeba chupa mbili za maji. Gramu 83 ni mafunda mawili matatu ya maji hayo. Kunywa kabla hujatoka nyumbani, utakuwa umeziokoa bure.

Sikatai diski nyepesi, msinielewe vibaya. Zipo zilizotengenezwa kwa akili. Zile za Shimano za daraja la juu, zenye alumini katikati ya matabaka mawili ya chuma ili joto litoke haraka, ya 160 ina gramu kama 110 tu. Huo ni wepesi wa haki, joto limetafutiwa njia ya kutoka. Kwa hiyo ukienda kununua, iache mizani. Uliza unene ikiwa mpya, na kama muuzaji hajui, ondoka. Uliza inakubali pedi gani, kwa sababu nyingine zimeandikwa kabisa kwamba ni za pedi laini za resini pekee na ukizitia pedi ngumu za metali zinaliwa upesi. Iweke pedi yako juu ya njia ya breki uone kama inaenea yote. Angalia habu yako, kile kitovu cha gurudumu, inafunga diski kwa bolti sita au kwa meno. Ukiwa na kilo zaidi ya 80 na unapanda Kwale, weka 160 mbele usijadili. Na zile bolti za alumini za rangi rangi wanazokupa kama zawadi, warudishie. Kwa chumvi ya hewa yetu zinashikana na habu, kichwa kinakatika, unabaki na shina ndani.

Nimerudisha diski zangu za gramu 132 na 112. Jana jioni nilivuka Daraja la Nyali nazo, nikafinya leva, ikasimama pale pale inapotakiwa.

Ile mbovu nimeifunga kwenye gazeti pamoja na karatasi ya vipimo vya mzee, na Ijumaa baada ya swala narudi dukani nayo. Yeyote aliyenunua diski ya namna hii mwaka huu, nyembamba, bolti sita, matundu mengi ya mviringo, aipime kwenye mkono wa katikati na aandike namba yake hapa chini kabla ya siku hiyo. Asiye na maikromita aje Changamwe, mzee amesema atapima bila malipo.