Nimeombwa nipige ngoma chekechea Ujerumani na mi ngoma sijui, nifanyeje?

kijana_ngamiani: Wakuu habari za saa hizi. Mi wa Tanga mjini, Ngamiani, nipo Ujerumani mwezi wa tatu najitolea chekechea, kijiji kidogo kweli, basi la kuvizia na Jumapili maduka yote kufuli. Watu wazuri, sina neno. Sasa Ijumaa ijayo wazazi wanakuja, mwalimu kanifuata na ngoma kabisa mkononi eti niwaonyeshe watoto utamaduni wetu. Nimeigeuza chini imeandikwa Ghana. Mi utotoni nilichojua ni maulidi na dufu, na dufu lenyewe sikushika, nilikuwa mlinda viatu 😂 Nikikataa naogopa ataona dharau, nikikubali nitawadanganya watoto wa watu.

bibi_muheza: Ngamiani yote ile hata dufu hujui! Haya, aibu hiyo tutaongea ukirudi.

mzee_wa_kahawa: Piga tu mkuu, nani atajua

dada_chumbageni: Usimsikilize huyo. Mdogo wangu mwambie mwalimu leo leo usingoje Alhamisi, wenzetu wale jambo likishaingia kwenye kalenda ukija kulivuruga dakika za mwisho hapo ndo wanaudhika. Halafu andika ubaoni SHULE na HELA. Shule ni Schule yao, hela ni Heller, sarafu ya enzi za Mjerumani huku kwetu. Mi nilipokuwa huko nilifanya hivyo, watoto wakacheka, ila babu mmoja akaniganda, ilikuwaje hela yao ikafika Tanga? Basi tukaingia kwenye reli iliyoanza kujengwa hapa 1893, mkonge, watu walivyotumikishwa mashambani, chai ikapoa.

kibao_cha_mbuzi: Hao wa miaka minne historia watakulalia. Una kanga? Waonyeshe pindo, mji, jina, kila mtoto achore yake kwenye karatasi. Mchezo umeisha.

kijana_ngamiani: Asanteni jamani. Nimemwambia mwalimu, kacheka mpaka kakaa chini, kumbe ngoma aliletewa zawadi na yeye mwenyewe haijui. Kanga ninayo moja, mama alinifungia nayo visheti siku naondoka. Kaipenda, keshaitundika ukutani, sasa anataka jina lake kwa Kijerumani aliandike kwa herufi kubwa wazazi wasome. Limeandikwa HASIDI HANA SABABU. Dada hebu njoo inbox