Wakala wa safari hapa Mtwara alituuzia nyumba ya Edison, tukaishia langoni

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimesubiri wiki tatu kabla ya kuandika, ili nisije nikaropoka, lakini hasira haijapungua.

Mimi ni mwalimu wa ufundi umeme hapa Mtwara. Mwezi wa nne, mimi na walimu wenzangu wawili tulikwenda Marekani kumtembelea mpwa wangu anayeishi New Jersey. Kabla ya kuondoka tulimlipa wakala mmoja wa mjini hapa shilingi 1,200,000 kila mmoja, mbali na nauli ya ndege, ili mwenzake aliyeko kule atutembeze siku mbili mahali Thomas Edison alipoishi na alipofanyia kazi. Kipeperushi chake ninacho hadi leo, na kimeandikwa kwa maandishi mekundu: "Ingia ndani ya nyumba ya aliyeiwashia dunia taa." Naomba neno "ingia" mlishike.

Siku ya kwanza tulipelekwa West Orange. Nyumba yenyewe inaitwa Glenmont. Edison aliinunua mwaka 1886 alipomwoa Mina, mke wake wa pili, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1931, na wote wawili wamezikwa nyuma ya nyumba hiyo. Ina vyumba 29. Imo ndani ya mtaa wa makazi ya watu binafsi wenye lango na mlinzi, kwa hiyo mgeni hajiendei tu kama aendaye sokoni: anatakiwa kwanza apite kwenye maabara ya Edison, ambayo iko huko chini barabarani, achukue tikiti pamoja na karatasi ya kumpitisha langoni, na nafasi za kuingia ndani ya nyumba ni chache kwa siku. Haya yote nimeyajua kwa mlinzi. Dereva hakuyajua, na wakala aliyekula fedha zetu hakujisumbua kuyauliza. Mlinzi aliinama dirishani akaomba karatasi, dereva akampa kile kipeperushi chetu cha Kiswahili. Yule bwana alikigeuza huku na huku, akakirudisha kwa adabu, kisha akatuonyesha kwa kidole njia tuliyojia.

Tulipofika maabara, nafasi za nyumba za siku hiyo zilikuwa zimekwisha. Mwenzetu mmoja, mtu mzima aliyebakiza miaka miwili kustaafu na aliyeshona koti kwa ajili ya safari hiyo, aliketi kwenye benchi, akafungua mfuko wa korosho za Newala alizochukua kwa ajili ya zawadi, akaanza kuzitafuna mwenyewe moja baada ya nyingine. Hakusema neno hadi jioni.

Maabara tuliingia kwa fedha zetu, maana hata tikiti hizo hazikuwa zimelipiwa, na nakiri kwamba hapo ndipo uchungu ulipozidi, kwa sababu niliiona thamani ya kile tulichokosa. Jengo kuu ni la matofali, lina ghorofa tatu, na maabara ilianza kazi mwaka 1887. Katika karakana ya chini mashine zimesimama kwa mistari, kila moja na mkanda wake unaopanda hadi kwenye shafti, yaani fito ndefu ya chuma inayopita darini, kiasi kwamba shafti ikizunguka mashine zote za mstari huo zinapata nguvu. Mfumo huo nimeufundisha ubaoni miaka 17 bila kuuona kwa macho. Ndani ya maktaba, katikati ya makabati ya vitabu, kimesogezwa kitanda chembamba cha kujinyoosha mtu ambaye kazi imemkatalia kurudi nyumbani. Aliyekuwa akikilalia alijipatia hataza 1,093 za Marekani, yaani hati za kumilikisha uvumbuzi. Nami nilitamani sana kuiona hiyo nyumba aliyokuwa akishindwa kurudi kulala.

Siku ya pili ndiyo iliyonimaliza. Kipeperushi kinaahidi Menlo Park, "karakana ilimozaliwa balbu mwaka 1879", kikiwa na picha ya jengo refu la mbao la ghorofa mbili. Tulishushwa mbele ya mnara wa zege wa mwaka 1938, wenye balbu kubwa kileleni. Mnara hauna kosa, kwani unaonyesha mahali penyewe palipokuwa na karakana. Lakini jengo la pichani halipo hapo, na si jana wala juzi lilipoondoka. Henry Ford, yule wa magari, ndiye aliyekusanya mabaki yake na kulijenga upya Dearborn, Michigan, likafunguliwa tarehe 21 Oktoba 1929 Edison mwenyewe akiwepo (inasimuliwa kwamba mzee alilisifu, ila akasema sakafu yake haikuwahi kuwa safi namna ile). Kutoka tuliposimama hadi Dearborn ni karibu kilomita 1,000, yaani karibu mara mbili ya safari ya Mtwara hadi Dar es Salaam. Ni sawa na mgeni alipie kuona nyumba ya Mikindani inayosemekana Livingstone alifikia mwaka 1866, wewe ukamshushe Shangani, ufukweni hapa Mtwara, na kumwambia aangalie bahari.

Nilimpigia wakala nikiwa chini ya mnara. Akaniambia, "Mwalimu, nyumba ni nyumba tu, picha si mmepiga?" Nikamjibu, "Mwanangu, mimi nimelipia kuingia." Akasema mtandao unasumbua, simu ikakatika.

Tangu turudi nimekwenda ofisini kwake mara nne. Mara ya kwanza fedha zilikuwa kwa mwenzake wa Marekani; mara ya pili mwenzake alikuwa anadaiwa na dereva; mara ya tatu nikaambiwa yuko msibani Lindi; mara ya nne alinikaribisha kiti akaniagizia soda. Sikuja kunywa soda. Nauli ya ndege simdai, ninadai shilingi 3,600,000 za watu watatu pamoja na tikiti za maabara tulizojilipia. Kwa taarifa yake, Glenmont ilijengwa na mtu aitwaye Henry Pedder kwa fedha alizomwibia mwajiri wake, alipogundulika ikamtoka mikononi, na ndiyo Edison akaja kuinunua. Huenda basi wakala wetu anaijua historia ya nyumba ile kuliko nilivyomdhania.

Kilichonifanya nifungue uzi huu leo ni kwamba anaandikisha walimu wa Lindi na Masasi kwa safari ya mwezi wa kumi na mbili. Jana nimekiona kipeperushi kipya kimebandikwa mlangoni kwake. Bei imepanda hadi shilingi 1,500,000, picha ni ileile ya jengo lililoko Michigan, na chini yake ameandika "New Jersey". Muamala wangu wa simu na kipeperushi cha zamani ninavyo. Anayetaka kuviona aseme, nitaviweka hapa.