Tunaunda Soyuz ndani ya Kerbal, roketi za pembeni zinaibamiza ya katikati. Wajuzi nisaidieni

Mwl_Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Dodoma. Klabu yetu ya sayansi inajiandaa kwa siku ya wazazi, na vijana wamekataa katakata kurudia volkano ya magadi na siki. Wanataka kurusha Soyuz, roketi ya Warusi ya kubeba wanaanga, kwenye projekta, ndani ya Kerbal Space Program, gemu la kuunda na kurusha roketi. Umbo limekaa vizuri: roketi ya katikati, nne za pembeni zilizochongoka juu, mnara wa kuokoa wanaanga kileleni. Tunayo nyongeza ya gemu iitwayo Making History, kwa hiyo injini ni Kodiak, ile inayofanana na RD-107 ya Warusi.

Shida ni pale za pembeni zinapoachia. Mbili zinatoka salama, mbili zinairudia ya katikati na kupasua tangi. Nimeongeza nguvu ya viachio (vifungo vinavyozitupa roketi za pembeni) mpaka mwisho, hali ni ileile. La pili, zikishatoka, ya katikati inabaki na tangi limejaa pomoni, wakati Soyuz halisi haiko hivyo. Kompyuta ya shule ina RAM ya GB 4 tu, tafadhali msinitwishe modi nzito, zile nyongeza zinazotengenezwa na mashabiki. Natanguliza shukrani.

Zabibu_Kavu
Mwalimu ungewafundisha kilimo cha zabibu. Hiyo roketi itatua Chamwino au? Lakini video uweke, nitaangalia.

Fundi_wa_Kisasa
Ticha, achana na huyo. Viachio umevifunga wapi? Nahisi viko chini, karibu na injini. Tangi likishakauka, uzito karibu wote wa roketi ya pembeni unabaki kwenye injini. Ukiisukuma hapo au chini ya hapo, mkia unatoka na ncha inaingia ndani. Ni kama ngazi iliyoegemezwa ukutani: vuta miguu yake nje, kichwa kitakwaruza ukuta mpaka chini. Ndiyo maana kuongeza nguvu hakukusaidii, unaongeza kasi ya kukwaruza tu.

Pandisha viachio juu ya kitovu cha uzito cha roketi ikiwa tupu. Ncha itoke kwanza, upepo uidake na kuibeba nje.

Binti_Manyoni
Shikamoo mwalimu. Fundi yuko sahihi, ila Warusi wenyewe wanaanzia chini! Vifungo vya mkiani vinaachia kwanza, mkia unafunguka nje, kisha ncha inachomoka kwenye kiungo chake cha juu. Hapo valvu ya tangi la oksijeni inafunguka karibu na ncha, na gesi inayotoka inaisukuma ncha mbali. Ndipo linapoonekana lile umbo la msalaba angani, msalaba wa Korolev, mhandisi wa Kisovieti aliyeongoza kuunda roketi hizi. Kwenye gemu gesi hiyo huna, kwa hiyo fungeni Sepratron, viroketi vidogo vya kusukumia, kwenye kila ncha.

Halafu, mnaachia mkiwa kilomita ngapi? Soyuz inaachia sekunde kama 118 baada ya kuruka, ikiwa juu ya kilomita 40, hewa imeshakuwa nyembamba. Kerbin, sayari ya kwenye gemu, ina nusu kipenyo cha kilomita 600, Dunia ni 6,371. Kasi ya kuizunguka Kerbin ni kama kilomita 2.3 kwa sekunde, huku kwetu ni karibu 7.8. Kila kitu ni kifupi, mafuta yanaisha mkiwa bado kwenye hewa nzito.

Mwl_Nkuhungu
Marahaba binti. Tunaachia kwenye kilomita 11 hivi, na tayari roketi imeanza kuinama kuelekea mashariki.

Binti_Manyoni
Basi ndiyo hapo. Pua ikiwa imeinama nje ya mwelekeo wa mwendo, upepo unapiga upande mmoja, na ndiyo sababu mbili zinapona na mbili zinagonga. Kabla ya kuachia, rudisheni pua kwenye alama ya mwelekeo wa mwendo na mpunguze moto. Hata zile halisi hupunguziwa nguvu kabla ya kutengana.

Mzee_wa_Redio
Ongezea hili kwa wanafunzi: injini zote tano huwashwa ardhini. Watu wengi huwasha ya katikati baadaye, hiyo si Soyuz. Miaka ya 1950 wahandisi hawakuwa na uhakika wa kuwasha injini kubwa huko juu, wakaona bora ziwake wakiwa wanaziona. Kila injini ina vyumba vinne vya kuchomea, ndiyo maana ukiitazama kwa chini unahesabu midomo mikubwa 20.

Na vijana wasivunjike moyo. R-7, roketi iliyozaa Soyuz, ya kwanza kabisa, 15 Mei 1957, iliharibikia hukohuko pembeni: moto ulizuka kwenye mojawapo, ikachomoka kabla ya wakati. Oktoba 4 mwaka uleule R-7 nyingine ikapeleka Sputnik, setilaiti ya kwanza.

Kijana_Makulu
Weka modi ya Real Solar System, upate Dunia yenyewe na vipimo vyake, mambo yote yanajipanga.

Mwl_Nkuhungu
Kwa GB 4? Itaganda kabla wazazi hawajakaa. Hapana, tubaki Kerbin. Na lile tangi lililojaa?

Fundi_wa_Kisasa
Bonyeza kiachio, angalia kama mmeruhusu mafuta yavuke. Kama ndiyo, za pembeni zinailisha ya katikati. Soyuz haina kitu hicho, kila moja inakunywa ya kwake. Zimeni.

Kisha pangeni uwiano: pembeni kila moja hubeba takribani tani 39 za mafuta ya taa na oksijeni, katikati takribani tani 90. Injini karibu zina nguvu sawa, kwa hiyo ya katikati inaendelea kuwaka hadi karibu dakika 5. Ninyi wekeni katikati mafuta mara 2.3 ya pembeni, halafu mpunguze yote kwa pamoja. Msipopunguza, mtafika obiti (njia ya kuizunguka sayari) na hatua ya tatu, roketi iliyo juu ya ile ya katikati, haijaguswa, na vijana wataidai.

Sepratron zielekezwe pembeni kidogo na mafuta yake yapunguzwe, moto wake unaunguza tangi la katikati. Mnara wa kuokoa utupeni sekunde chache kabla ya za pembeni, si baada. Na kwenye pedi msiisimamishe kwa mikia. Ile halisi inaning'inia kiunoni kwenye mikono minne, basi fungeni vishikizo vya TT18-A usawa huo.