Kidato cha nne: nikiingia mtihani wa hesabu mkono unakufa ganzi, nifanyeje?

BintiNewala

Shikamooni wakubwa zangu, na rika langu mambo. Naandika kwa simu ya mjomba, kwa hiyo nikichelewa kujibu msinione nina dharau.

Niko kidato cha nne, shule ya kutwa huku Newala. Mtihani wa taifa ni Novemba. Masomo mengine nakwenda vizuri, baiolojia na jiografia ndo usiseme. Shida ni hesabu, na siyo kwamba sijui. Nikiwa nyumbani nimekaa kwenye mkeka, bibi anachambua mboga pembeni, matriki naifanya vizuri tu, natafuta kinyume chake, nahakiki, jibu linatoka. Kwenye mtihani wa utimilifu likaja swali lile lile, namba tu zimebadilishwa, nikaliangalia kama sijawahi kuliona maishani. Mkono ukafa ganzi kuanzia vidoleni. Jasho likalowesha karatasi mpaka wino ukasambaa. Mwenzangu wa jirani akageuza ukurasa, ile sauti ya karatasi ndo ikanimaliza kabisa. Nikapata F. Siku ya majibu mwalimu akasoma maksi mbele ya darasa, mmoja mmoja kwa jina.

Tangu hapo silali. Naingia kitandani saa tatu, saa nane nimeshashtuka, nawasha tochi, nafungua daftari, nasoma lakini hakiingii kitu. Chakula hakipiti, hata ming'oko ambayo naipenda tangu utotoni.

Kinachonizidishia mawazo ni mjomba. Siyo mkali, na ndo maana inaniuma. Baba hayupo, yeye ndiye amenibeba tangu shule ya msingi kwa pesa ya korosho. Mnada ukipita tu ananiambia, "Hii nimeweka ya kidato cha tano." Anataka niwe daktari, na mimi pia nataka. Sasa korosho za mwanzo zimeanza kudondoka. Tukitoka shule tunaingia shambani kuokota mpaka giza, na siwezi kumwambia nimechoka mtu anayeinama juani kwa ajili yangu.

Nisaidieni jamani. Kuna aliyepitia hali hii akatoka? Nitakaaje kwenye chumba cha mtihani bila kufa ganzi?

Mwl_Masasi

Marahaba mwanangu. Nimefundisha hesabu sekondari mpaka nimestaafu, na hiki unachokieleza nimekiona mara nyingi, hasa kwa watoto wanaojituma. Kwa hiyo kwanza toa mawazo kwamba una akili mbovu. Mtu anayetafuta kinyume cha matriki na kukihakiki mwenyewe bila kuambiwa, huyo anajua.

Tuitazame pepa yenyewe. Ina maswali 14, yote ya lazima, saa 3. Sehemu A maswali 10 ya maksi 6, sehemu B maswali 4 ya maksi 10. Ukiligawia swali la maksi 6 dakika 10 na la maksi 10 dakika 16, umetumia dakika 164, na zimebaki 16 za kusoma pepa mwanzoni na kuhakiki mwishoni. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Maana yake ni kwamba unaweza kuacha maswali kadhaa wazi kabisa ukatoka na C yako safi. Na msahihishaji anatoa maksi kwa hatua. Ukiandika ditaminanti, ile namba unayoitafuta kwanza kwenye matriki, sawasawa halafu ukakosea kutoa kwenye mstari wa mwisho, za ditaminanti zako hakuna wa kukunyang'anya. Kwa hiyo usifute kazi yako kwa hasira, na usiache swali unalolijua nusu.

Sasa hilo la mkono. Matriki unaijua, chumba ndicho hujakizoea. Mkeka na bibi pembeni ni raha, lakini Novemba havitakuwepo. Jumamosi tafuta meza na kiti, hata darasani kwenu wakikuruhusu. Chukua pepa ya mwaka wowote wa nyuma, weka saa mbele yako, anza saa 2 asubuhi usinyanyuke mpaka saa 5. Kikokotoo hakiruhusiwi kwenye mtihani, kwa hiyo usikiguse na hapo, fanya na kitabu chako cha majedwali. Halafu mwombe rafiki akae meza ya jirani na pepa yake, na umwambie ageuze kurasa kwa kelele. Ndiyo, makusudi. Ukishaisikia sauti hiyo Jumamosi kadhaa huku kalamu yako inatembea, itakuwa sauti ya karatasi tu.

Na kila jioni anza na swali moja unalolipenda, hata kama ni jepesi. Unapenda jiografia? Anza na la dunia. Mtwara mjini, kwa kukadiria, ni digrii 10 Kusini na 40 Mashariki. Mombasa ni kama digrii 4 Kusini, na longitudo ni karibu ile ile ya 40. Tofauti ya latitudo ni 6. Digrii moja kwenye mstari wa longitudo ni maili za baharini 60, basi jahazi likitoka Mtwara kwenda Mombasa lina kama maili 360 mbele yake. Ukitaka kilomita, 6 gawanya kwa 360, zidisha kwa 2 × 3.14 × 6400, unapata kama 670. Umeshafanya swali la dunia na hujatoka mkoani kwako. Ukianza hivyo, lile gumu linalofuata unalikuta ukiwa umeshachangamka.

KakaMikindani

Mdogo wangu pole sana. Mimi ushauri wangu ni tofauti na wa mwalimu. Divisheni, yaani daraja la jumla la matokeo, inahesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Kama una saba mengine yamesimama, hesabu iache ijiendee, kazia hayo. Afya yako ni bora kuliko F moja.

NesiLindi

Kaka, hilo la masomo saba ni kweli, na nakubali alijue maana linaondoa ule uoga kwamba hesabu peke yake inaweza kuangusha kila kitu. Lakini huyu anataka udaktari. Akienda PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha tano atakutana na BAM, na hiyo ni hesabu. Akiikimbia sasa ataikuta mbele. Tumsaidie aikabili.

Mdogo wangu, mimi ni muuguzi hapa Lindi, na nataka kukuelezea hiyo ganzi maana ina sababu yake. Mtu akishikwa na hofu anahema haraka haraka kwa juu juu bila kujijua. Akihema hivyo anatoa hewa ya kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na ikipungua kwenye damu, vidole na midomo vinaanza kufa ganzi na kuchomachoma, kichwa kinakuwa chepesi. Wagonjwa wanaletwa kwetu wakidhani wamepooza. Akitulia akahema taratibu, inaondoka. Kwa hiyo siku ukiisikia inaanzia vidoleni, weka kalamu chini. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe taratibu kwa mdomo ukihesabu sita. Tumbo ndilo lipande, mabega yatulie. Fanya hivyo dakika mbili. Una dakika 180, hizo mbili unazimudu. Jizoeze kila usiku kabla ya kulala ili siku hiyo mwili uwe unaijua njia.

Jambo jingine. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, walichapisha utafiti kwenye jarida la Science. Wanafunzi walipewa dakika 10 kabla ya mtihani waandike wanachokiogopa kuhusu huo mtihani, na wale wenye wasiwasi mwingi wakafanya vizuri kuliko wenzao ambao hawakuandika. Maelezo yao ni kwamba wasiwasi unakalia ile nafasi ya akilini unayoshikia namba wakati unakokotoa, ukiumwaga kwenye karatasi nafasi inarudi. Wewe asubuhi ya mtihani, kabla hujaingia, kaa chini ya mwembe na daftari. Andika yote, mjomba, mwalimu aliyesoma majina, F, usichague maneno. Kisha chana.

Saa nane za usiku funga daftari, tafadhali. Unachosoma mchana kinajipanga kichwani ukiwa umelala, kwa hiyo kulala ni sehemu ya kusoma. Ukiona wiki mbili zinapita hulali na huli, mwone mwalimu wa malezi au nenda kituo cha afya, ueleze kama ulivyotueleza sisi. Usione haya, ndiyo kazi yetu.

BabaWawili_Tandahimba

Mwanangu, wenzangu wamesema ya shule, mimi niseme ya mjomba wako maana nina mikorosho na nina watoto wanaosoma.

Huyo mjomba hajui. Anakuona unaokota na ukirudi unafungua daftari, anashukuru Mungu mambo yanakwenda. Angejua usiku hulali angekutoa shambani yeye mwenyewe. Korosho ikidondoka inasubiri. Ilimradi mvua haijanyesha, ya leo ukiiokota kesho haijapungua kitu, bibo, lile tunda lake, litanyauka lakini anachouza mjomba ni korosho. Wewe mtihani ukipita umepita. Haya anayajua kuliko mimi, anahitaji tu kuambiwa.

Usimwambie umechoka kama neno hilo linakushinda. Mwambie, "Mjomba, naomba Jumamosi asubuhi na jioni mbili za wiki ziwe za hesabu mpaka Novemba, siku nyingine niko na wewe." Mtu mzima akiombwa hivi anajua amjibu nini mtoto. Na siku ya hiyo pepa ya Jumamosi, mpe yeye saa. Awe ndiye anayesema anza, na ndiye anayesema weka kalamu. Mimi nimefanya hivyo na mkubwa wangu. Sikujua hata mstari mmoja wa alichokuwa anaandika, lakini nilikaa naye mpaka mwisho, na baada ya hapo tukawa tunaweza kuongea habari za mtihani bila mmoja kumwogopa mwenzake.

BintiNewala

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Ule wa baba wa Tandahimba nimempa mjomba asome mwenyewe kwa sababu nilishindwa kusema. Akanyamaza muda, halafu akauliza, "Hiyo Jumamosi ni ipi?" Nimemwambia hii inayokuja. Amesema saa yake ya mkononi inatosha.

Da NesiLindi, ile ya kuhesabu sita nimeifanya jana, nimelala mpaka adhana.

Mwalimu, samahani, nina moja bado. Nikifungua pepa nikakuta swali la kwanza silijui? Maana mimi huwa hapo hapo ndo naanza kutetemeka.

Mwl_Masasi

Hakuna sheria inayosema uanze na la kwanza, mwanangu. Dakika tano za mwanzo usiandike jibu lolote. Soma pepa nzima na weka alama ndogo ya kalamu ya risasi kwenye maswali matatu unayoyaona mepesi. Anza na hayo, kila moja ukurasa wake mpya, namba ya swali iandikwe wazi ili msahihishaji asikupoteze. Ukitoka hapo una karibu maksi 18 mkononi na saa nzima hujaimaliza. Hilo la kwanza lirudie baadaye, mara nyingi utakuta ni hesabu za sehemu na desimali, zilikutisha tu kwa kuwa zimekaa juu.

Jumamosi ukimaliza, mwambie mjomba akuazime simu. Andika hapa maswali uliyomaliza, uliyoishia katikati na uliyoruka. Nikiyaona nitakuambia Jumatatu uanzie mada gani.